Vipande vya Limau Bila Maziwa: Kinachotokea Ndani ya Trei

Leo tunaoka vipande vya limau. Chini kuna tabaka la biskuti linalomomonyoka mdomoni, juu kuna tabaka la njano, laini, chachu na tamu kwa wakati mmoja. Unavikata miraba kama kashata. Marekani na Uingereza ni vitafunwa vya kawaida kabisa, na huko hutiwa siagi ya maziwa kwa wingi. Sisi tutavioka bila tone la maziwa, na katika kila hatua tutauliza lile swali letu la siku zote: kwa nini?

Sababu ya makala hii ni aibu yangu mwenyewe. Mwezi wa saba mwaka jana mwenzetu mmoja wa maabara alitetea andiko lake la utafiti, akapita, tukaamua kumfanyia tafrija ndogo. Nikajitolea kuoka. Nilijua kuna dada mmoja tunayesoma naye atakuja na binti yake wa miaka 5, na nilijua yule mtoto hatumii maziwa. Nikasema hakuna shida, siweki siagi ya maziwa, naweka ile ya kopo, ya mafuta ya mimea. Nikaoka, nikapanga kwenye sahani, nikampelekea mtoto kipande cha kwanza.

Mama yake akanizuia mkono. "Samahani kaka, umetumia siagi gani?"

Nikamjibu kwa kujiamini. Akauliza, "Kopo lake lipo?"

Lilikuwepo. Akaligeuza, akasoma yale maandishi madogo kama sisimizi, kisha akanionyesha kwa kidole. Ndani mlikuwa na unga wa maziwa. Mtoto hakulia. Aliuliza tu, "Mama, hata hiki?" Akakaa na juisi yake akiangalia wenzake wanakula.

Mimi nasoma kemia ya vyakula. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Basi nikarudi jikoni, na haya ndiyo niliyoyapanga sawasawa baada ya trei nne zilizoharibika.

Kwanza uliza: maziwa yanamfanya nini?

Mtu akikwambia "situmii maziwa", anaweza kumaanisha mambo mawili tofauti kabisa, na tofauti hiyo inaamua nini unaruhusiwa kuweka kwenye trei.

La kwanza ni tumbo kutomudu laktosi. Laktosi ni sukari ya maziwa, imeundwa na glukosi na galaktosi zilizoshikana. Ili mwili uitumie, lazima ikatwe katikati, na mkataji ni kimeng'enya kinachoitwa laktasi, kilichopo kwenye utumbo mwembamba. Karibu kila mtoto mchanga anazaliwa nacho. Kwa watu wengi duniani, kimeng'enya hiki hupungua kadiri wanavyokua. Laktosi isiyokatwa inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wa huko wanaishangilia, wanaichachusha na kutoa gesi. Wakati huohuo laktosi inavuta maji. Matokeo unayajua: tumbo kujaa, kunguruma, kuharisha. Inakera, inaaibisha, lakini haiui.

Hapa Afrika Mashariki kuna kisa kizuri cha kisayansi. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa vinasaba vya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walionyesha kwamba uwezo wa kumeng'enya maziwa ukubwani, unaopatikana sana kwa jamii za wafugaji, umetokana na mabadiliko ya vinasaba tofauti na yale ya watu wa Ulaya. Yaani watu wa mabara mawili walifika kwenye uwezo uleule kwa njia mbili tofauti, kila mmoja na ng'ombe wake. Kwa hiyo ukiona mwenzako anakunywa lita ya maziwa na wewe kikombe kimoja kinakuangusha, hujalegea. Mmerithi tofauti tu.

Jambo la pili ni mzio wa maziwa, na hili ni suala zito. Hapa sukari haihusiki. Kinga ya mwili inaziona protini za maziwa, yaani kaseini na zile za maji ya maziwa, kama adui, halafu inawasha vita. Ngozi inavimba na kuwasha, midomo inavimba, mtu anaweza kutapika, na vita ikifika kwenye njia ya hewa mtu anaweza kufa. Huyo akipata shida ya kupumua anapelekwa hospitali papo hapo. Dawa ya dharura ni sindano ya adrenalini. Hakuna kusubiri tuone kama itapoa.

Sasa angalia hii inavyobadilisha mapishi. Siagi ya maziwa ina laktosi kidogo sana, chini ya asilimia 1, na samli ina kidogo zaidi. Mtu mwenye shida ya laktosi anaweza kula kipande chenye siagi na asihisi kitu. Mwenye mzio hawezi, kwa sababu kiasi kidogo tu cha protini kinamtosha, na samli pia inaweza kubaki na mabaki ya protini hizo. Kwa hiyo ukisikia "situmii maziwa", usikisie. Uliza. Na kama huwezi kuuliza, pika kana kwamba ni mzio.

Halafu soma kopo. Orodha ya vilivyomo mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo yakariri maneno haya: milk, whey, casein, caseinate, buttermilk. Ukiliona mojawapo, rudisha kopo kwenye rafu. Neno "mimea" likiwa kubwa kwa mbele halitoshi. Ndilo lililonidanganya mimi.

Na mayai je? Mayai si maziwa. Yanauzwa karibu na maziwa dukani, ndiyo maana watu wanayachanganya, lakini kuku hanyonyeshi. Mzio wa mayai upo, ila ni jambo lake tofauti, uliza pia. Sisi leo tunatumia mayai.

Tabaka la chini: kazi ya mafuta

Ukichanganya unga wa ngano na maji kisha ukakanda, protini za ngano zinashikana na kufanya wavu unaoitwa gluteni. Wavu huo ndio unaofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwenye chapati tunautaka. Kwenye biskuti hatuutaki hata kidogo, kwa sababu utakupa kitu kigumu cha kutafuna badala ya kitu kinachomomonyoka.

Mafuta ndiyo yanayoharibu mpango wa gluteni. Yanazifunika chembe za unga kama koti la mvua, maji hayapenyi vizuri, wavu haufumwi. Ndiyo maana unachanganya unga na mafuta kwanza, na maji, kama yapo, yanakuja mwisho na kwa kijiko.

Kanuni ya kale ya biskuti za aina hii ni rahisi kukumbuka: kwa uzito, sehemu 3 za unga, sehemu 2 za siagi, sehemu 1 ya sukari. Trei yetu inataka gramu 180 za unga, kwa hiyo kanuni inadai gramu 120 za siagi na gramu 60 za sukari. Wengi wanakosea hapa. Wanatoa siagi gramu 120, wanaweka mafuta ya nazi gramu 120, halafu wanashangaa trei inaogelea. Siagi si mafuta matupu. Ni takribani asilimia 80 ya mafuta na asilimia 16 ya maji, na kinachobaki ni mango za maziwa. Mafuta ya nazi ni mafuta asilimia 100. Piga hesabu: gramu 120 za siagi zina mafuta kama gramu 96 na maji kama gramu 19. Basi weka mafuta ya nazi gramu 95, na badala ya yale maji weka kijiko kimoja kikubwa cha tui. Trei yangu ya kwanza kuharibika ilikufa kwa hesabu hii.

Ya pili ilikufa kwa joto. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 24 za Selsiasi. Sasa fikiria ulipo. Iringa au Nairobi mwezi wa saba, chupa yako imeganda nyeupe kama mshumaa. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa kwanza, chupa hiyohiyo ni maji matupu. Chembe za mafuta yaliyoganda zinaposuguliwa kwenye unga zinatoa mchanganyiko kama makombo ya mkate, na hizo ndizo zinazompa mlaji ule umomonyoko mzuri. Mafuta yaliyoyeyuka yanazama kote kwa mara moja, biskuti inakuwa kama mchanga wa pwani na inavunjika ukiishika.

Ufumbuzi kwa mtu wa pwani ni mmoja kati ya miwili. Weka mafuta ya nazi kwenye friji hadi yagande, uyakwangue kwa kijiko, ufanye kazi haraka. Au tumia mafuta ya mgando ya kupikia, ambayo yanabaki magumu hata kwenye joto la Dar. Haya hayana harufu ya nazi lakini biskuti itasimama vizuri mezani. Mimi nachanganya nusu kwa nusu. Lakini kopo la mgando nalo unalisoma, tumeshakubaliana.

Kuna kitu kingine siagi inaleta ambacho utakikosa, nacho ni rangi na harufu. Kitu kinapookwa na kuwa kahawia, sehemu kubwa ya kazi hiyo ni mmenyuko wa Maillard, uliopewa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyeueleza mwaka 1912. Protini na sukari za aina fulani zinakutana kwenye joto kali, zinazaa mamia ya kemikali za harufu na rangi. Siagi inaleta protini kidogo na laktosi kidogo, na laktosi ni sukari inayokubali mmenyuko huu. Sukari nyeupe ya dukani haikubali mpaka ivunjwe kwanza. Ndiyo maana biskuti yako isiyo na siagi inatoka imepauka kama ina homa. Dawa ni ndogo: toa kijiko kimoja cha sukari nyeupe, weka kijiko cha sukari guru iliyopondwa au asali. Zote mbili zina glukosi na fruktosi zilizo huru, na hizo zinaingia kwenye mmenyuko bila kubembelezwa. Ongeza na vijiko viwili vya nazi iliyokunwa na kukaangwa kavu hadi iwe ya dhahabu. Utashangaa harufu itakayotoka.

Limau: harufu iko nje, uchachu uko ndani

Tuelewane kwanza kwenye majina, maana sokoni yanagongana. Kwa wengi limau ni lile la njano lenye ganda nene, na ndimu ni ile ndogo ya kijani. Wengine wanasema ndimu kwa vyote viwili. Kwa mapishi haya, lolote kati ya haya linafaa.

Kata tunda, angalia tabaka zake. Ganda la nje lenye rangi lina vifuko vidogo vya mafuta. Lipinde karibu na moto wa mshumaa, utaona cheche: hayo ndiyo mafuta yakiwaka. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni limonini ya harufu, ile inayopatikana hata kwenye chungwa, na kinacholifanya limau linuke limau ni sitrali, iliyo kidogo lakini yenye nguvu. Kemikali hizi zinapenda mafuta kuliko maji na zinapeperuka kirahisi. Kwa hiyo kwaruza ganda la nje kwa kikwaruzio chenye matundu madogo, lisugue na sukari kwa vidole hadi sukari ilowe na kubadilika rangi. Ncha za chembe za sukari zinapasua vifuko, mafuta yanashikwa na sukari badala ya kupotelea hewani. Dakika mbili tu, lakini usiziruke.

Usifike kwenye utando mweupe. Huko ndiko kwenye uchungu. Na kuna uchungu mwingine wa kuvizia. Kwenye matunda ya jamii hii kuna kemikali isiyo na ladha ambayo ukishakamua tunda, ikakutana na asidi ya juisi, inageuka polepole kuwa kemikali chungu. Joto linaiharakisha. Ndiyo maana juisi uliyokamua asubuhi jioni ina uchungu ambao haukuwepo. Kamua ukiwa tayari kuitumia, chuja mbegu na nyama zake.

Juisi ya limau ina asidi ya sitriki kama asilimia 5 hadi 6, na pH yake iko kati ya 2 na 3. Hiyo ni asidi ya kutosha kufanya mambo mawili. Moja, inakula alumini. Trei nyingi za mtaani ni za alumini, na asidi inayeyusha ule utando wake wa juu, chakula kinapata ladha ya sarafu. Tandika karatasi ya kuokea chini na pembeni, au tumia bakuli la kioo la oveni. Mbili, asidi inakata maziwa. Kaseini hugandamana pH ikishuka hadi kama 4.6, na limau linaivuka mbali sana. Kwa hiyo maziwa na limau havikuwa marafiki tangu mwanzo, na wewe usiyeweka maziwa umepunguza tatizo moja.

Ila tui nalo lina tabia hizo. Tui ni matone ya mafuta yaliyotawanyika kwenye maji, yakishikiliwa na protini za nazi, na protini hizo zikikutana na asidi nazo zinaachia. Tui linakatika. Mpishi yeyote wa pwani analijua hilo, ndiyo maana ndimu inatiwa mwisho kwenye mchuzi wa nazi. Kwenye mapishi yetu tunalilinda kwa wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini unaotumika kwa kastadi. Wanga ukivimba kwa joto unafanya mchanganyiko kuwa mzito, matone ya mafuta yanakosa nafasi ya kukimbiliana. Ukiona punje ndogondogo kabla ya kuoka, usishtuke, zitapotea.

Tabaka la juu: mayai yanavyojenga nyumba

Protini za yai bichi ni kama nyuzi zilizovingirishwa, kila moja peke yake. Joto linazifungua, zinakamatana na jirani, zinafanya wavu unaofungia maji ndani. Ute wa yai peke yake unaanza kuganda karibu na nyuzijoto 62, kiini karibu na 65 hadi 70. Lakini sisi tumeweka sukari nyingi na maji ya limau. Sukari inazichelewesha protini kufunguka, na maji yanazitenganisha zisikutane haraka. Kwa hiyo mchanganyiko wetu unaganda karibu na nyuzijoto 80.

Ukizidisha, wavu unajikaza, unakamua maji yake kama kitambaa cha dekio. Utaona maji yanatiririka pembeni na juu panapasuka. Trei yangu ya tatu ilikuwa hivyo. Nilisubiri hadi katikati pawe pagumu, kumbe joto lililobaki ndani lingemalizia kazi baada ya kutoa. Toa trei pembeni pakiwa pameganda na katikati panatikisika kidogo, kama uji mzito ukigusa sufuria.

Ya nne ilitoka na utando mweupe wa povu juu, nikadhani ni fangasi! Ni hewa tu. Nilipiga mayai kwa nguvu kama ya keki, mapovu yakapanda juu na kuganda huko. Hapa mayai yanachanganywa kwa uma, taratibu, mpaka ute na kiini viwe kitu kimoja, basi.

Sasa tuoke

Kwa trei ya sentimita 20 kwa 20, tabaka la chini: unga wa ngano gramu 180, sukari gramu 60 (ndani yake kijiko kimoja kiwe sukari guru), chumvi robo kijiko cha chai, mafuta ya nazi yaliyoganda gramu 95, tui zito kijiko 1 kikubwa, nazi iliyokaangwa vijiko 2 vikubwa.

Tabaka la juu: mayai 4 (ya kienyeji yakiwa madogo weka 5), sukari gramu 225, wanga wa mahindi vijiko 3 vikubwa, juisi ya limau mililita 120, tui zito la kwanza mililita 80, ganda la nje la malimau 2, chumvi kidogo.

Washa oveni nyuzijoto 175. Tandika karatasi kwenye trei. Sugua mafuta kwenye unga, sukari, nazi na chumvi kwa ncha za vidole hadi yawe makombo. Nyunyizia tui, kusanya bila kukanda. Bonyeza kwenye trei liwe tabaka sawa, toboa kwa uma. Oka dakika 20 hadi pembeni pawe pa dhahabu.

Wakati linaiva, sugua ganda na sukari, changanya na wanga na chumvi. Tia juisi, koroga hadi mabonge yaishe. Tia mayai uliyochanganya, mwisho tui. Acha mapovu yatulie.

Toa tabaka la chini na ummiminie juu mchanganyiko likiwa bado la moto. Hili ni muhimu. Joto la biskuti linaanza kugandisha sehemu ya chini ya mchanganyiko papo hapo, na hilo linaziba nyufa. Ukimimina juu ya biskuti baridi, limau linazama, biskuti inalowa kama mkate uliotiwa chai. Punguza moto hadi 160, oka dakika 20 hadi 25, ukianza kuchungulia dakika ya 18.

Huna oveni? Wengi hatuna. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, trei juu ya mchanga, mfuniko wenye makaa. Makaa mengi yawe juu, machache chini. Mchanga unasambaza joto polepole ili chini pasiungue. Ukishamimina limau, punguza makaa ya juu nusu.

Baada ya kutoa, kaa mbali na kisu. Acha ipoe kabisa, kisha friji saa 2 au 3. Wanga na mayai vinaendelea kukaza vikipoa, na mafuta ya nazi yanarudi kuganda. Ukikata ikiwa ya moto, utapata mchuzi. Kata kwa kisu kilichofutwa kila mara, na pwani usitoe kwenye friji mpaka wageni wameketi.

Ukitaka kubadilisha tunda, kumbuka asidi. Juisi ya chungwa ina asidi kama asilimia 1 tu, kwa hiyo machungwa matupu, hata yawe ya Muheza, yatakupa utamu uliolala. Weka juisi ya chungwa mililita 80 na ndimu mililita 40, punguza sukari hadi gramu 180. Chenza nayo hivyohivyo. Balungi na danzi vinaleta uchungu wao, wapo wanaoupenda.

Neno moja la tahadhari, kwa sababu mtandaoni mafuta ya nazi yanasifiwa kama dawa ya kila kitu. Karibu asilimia 90 ya mafuta yake ni yale yaliyoshiba, zaidi ya siagi. Tunayatumia hapa kwa sababu yanaganda na hayana protini za maziwa. Kipande kimoja, viwili, inatosha.

Kabla hujampa mtu

Kwa mwenye mzio, trei safi haitoshi. Kijiko kilichokoroga chai ya maziwa, kikwaruzio kilichotumika kwa jibini, ubao uliopakwa siagi, vyote vinaweza kubeba protini. Osha kwa sabuni na maji ya moto kabla hujaanza, tumia karatasi mpya, na usioke keki ya siagi pembeni kwa wakati mmoja. Weka makopo na pakiti zote mpaka mlaji au mzazi wake azione. Na uliza kuhusu nazi na mayai pia. Kuna watu wanasikia joto linaweza kuua mzio wa maziwa, na ni kweli kwamba baadhi ya watoto wanavumilia maziwa yaliyookwa. Lakini hilo hupimwa na daktari akiwa na dawa mkononi. Usilipime kwenye tafrija yako.

Trei ya tano niliipeleka wiki tatu baadaye. Nilibeba na mfuko wa makopo matupu, chupa ya mafuta na pakiti ya wanga. Mama wa mtoto alisoma moja moja, akauliza nimeoshaje vyombo, nikamweleza. Akamgeukia binti yake, "Haya, chukua."

Mtoto alichukua kile cha pembeni, chenye kahawia nyingi. Akala, akakunja uso kwa uchachu, akala tena. Halafu akauliza kama anaweza kumpelekea rafiki yake shuleni kimoja, "kwa sababu siku zote yeye ndiye anakula na mimi naangalia."

Alipelekewa viwili.